Chakula cha Sikukuu

Kuna maswali ambayo hujadiliwa barazani mbele ya watu wengi, na kuna maswali ambayo huzuka jikoni kati ya watu wawili au watatu. Swali ninalotaka kulitazama hapa ni la jikoni. Msomaji asilidharau kwa sababu hiyo. Nimepata kuona swali la jikoni likiwafanya ndugu wawili, waliolala kitanda kimoja utotoni, wapitane njiani bila salamu. Swali lenyewe ni hili: jamaa wanapokutana siku ya sikukuu, je, imewapasa kula kile walichokula wazee wao, au ni halali kuleta chungu kigeni katika karamu ya nyumbani?

Nyumbani kwetu ni Gatongora, karibu na mji wa Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Hii ni nchi ya kahawa. Jina la Ruiru limefika mbali kwa ajili ya mmea huo, kwani aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili magonjwa, ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya utafiti uliofanywa hapa. Siku hizi mibuni mingi imeng'olewa na mahali pake pamejengwa nyumba, hata mtu aliyeondoka miaka kumi iliyopita huweza kupotea njia akirudi kwao. Lakini jambo moja halijabadilika. Mwezi wa Desemba, watoto wa kila nyumba hurudi kwa wazazi wao. Siku ya Krismasi wanaume huchinja mbuzi na kuchoma nyama nje, na wanawake jikoni huponda mukimo. Kwa msomaji asiyeujua, mukimo ni viazi, mahindi na majani ya maboga yaliyochemshwa pamoja na kupondwa mpaka yakawa kitu kimoja chenye rangi ya kijani. Kando yake huwekwa chapati, na baada ya yote hufuata chai ya maziwa. Ndivyo ilivyokuwa nilipokuwa mtoto, na ndivyo nilivyodhani kwamba itakuwa milele.

Wako watu wasemao kwamba chakula cha sikukuu kisibadilishwe hata kidogo, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba siku nyingine zote za mwaka mtu hula akipatacho, mahali alipo, pamoja na watu aliokutanishwa nao na kazi. Siku moja tu hula alichopikiwa na wale waliomjua kabla hajajijua mwenyewe. Siku hiyo harufu ya chungu humwambia kwamba amefika kwao. Mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye hajui jina la baba wa babu yake, siku hiyo hula chakula alichokila mzee huyo, naye hupata urithi ambao hauhitaji hati wala shahidi. Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Watetezi wa chakula cha zamani huongeza kwamba mtu aonaye haya kwa chakula cha mama yake hatachelewa kuona haya kwa lugha yake na kwa jina lake.

Hukumbusha pia kwamba zamani nyama ya mbuzi haikugawanywa ovyo. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe: kulikuwa na fungu la wazee, fungu la wanawake na fungu la wavulana waliochunga. Mtu aliyepewa fungu lake alijua nafasi yake, na alijua vilevile kwamba hakusahauliwa. Karamu ilikuwa shule isiyokuwa na ubao wala chaki. Ukibadilisha chakula, wasema, umeyafuta masomo yaliyokuwa ndani yake.

Wako na wengine wasemao kinyume cha hayo, nao pia wana hoja zenye uzito. Huuliza: je, jambo huwa jema kwa kuwa limerudiwa mara nyingi? Mzee mwenye ugonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu hupita sikukuu katika taabu, kwa maana kila kilichoko mezani ni cha kumwumiza, na kukikataa ni kuwavunjia heshima waliokipika. Mwanamke wa nyumba huamka alfajiri kukanda unga wa chapati na kukesha na moto, hata watu wakisha kushiba yeye huwa amechoka kiasi cha kutoweza kula. Desturi inayomchosha mmoja ili kuwafurahisha ishirini yafaa iulizwe maswali. Tena, jamaa hawakai kama walivyokuwa. Vijana huoa na kuolewa katika makabila mengine na nchi nyingine. Je, hao walioingia nyumbani kwa ndoa watakuwa wageni mpaka lini?

Kabla ya kutoa hukumu kati ya pande hizi mbili, na tuulize kwanza umri wa hicho tukiitacho cha zamani. Jibu lake humstaajabisha mtu. Mahindi asili yake ni Meksiko, nayo yaliletwa katika pwani yetu na Wareno, ambao walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Viazi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na katika nyanda za juu za Kenya vililetwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Chapati tumeipokea kwa watu wa Bara Hindi. Hao walifanya biashara katika pwani kwa karne nyingi, lakini wengi sana waliletwa kujenga reli, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka huko waliifanya kazi hiyo. Na chai, ambayo hatuwezi kumpokea mgeni bila hiyo, ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Basi sahani tunayoiapia kuwa ni ya mababu imekusanywa kutoka mabara matatu, na sehemu kubwa yake mababu wa mababu hawakuijua.

Hao wa kale walikula nini? Walikula mawele, wimbi, mtama, ndizi, viazi vikuu na njahi, zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe ambazo mpaka leo hupikiwa mwanamke aliyejifungua. Kalenda ya Wakikuyu ingali inashuhudia jambo hili. Mvua za masika huitwa mvua ya njahi, na mvua za vuli huitwa mvua ya mawele. Krismasi huja mara baada ya mvua ya mawele. Lakini ingia katika nyumba za Gatongora siku hiyo utafute mawele, uone utayapata katika nyumba ngapi. Jina limebaki katika mvua. Mbegu yenyewe imeondoka shambani.

Wala hatuko peke yetu katika hali hii. Waingereza wengi huona kwamba Krismasi haikutimia pasipo bata mzinga, na ndege huyo asili yake ni Amerika, akafika kwao katika karne ya 16. Huko Japani, ambako Wakristo ni wachache, watu wengi hula kuku wa kukaanga siku ya Krismasi. Desturi hiyo ilipata nguvu kwa matangazo ya biashara yaliyoanza mwaka 1974. Kwa hiyo desturi yaweza kuanzishwa na msafiri, na mkulima, na hata na mfanya biashara, na baada ya kizazi kimoja au viwili watoto wakaiona kuwa ya tangu na tangu.

Lakini hapa nataka msomaji awe mwangalifu. Wako watu ambao wakisha kujua kwamba viazi vilitoka Amerika husema, "Basi mila ni uongo, na kila mtu afanye apendavyo." Huko ni kuruka mtaro na kuangukia kisimani. Neno meza tulipewa na Wareno, na neno karamu tulilipata katika Kiarabu, wala hakuna mtu atakayesema kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili si lugha yetu. Kitu huwa chetu kwa jinsi tulivyokitumia na kukitunza, na kwa mikono iliyotupa. Mukimo wa mama yangu ni wa kwetu hata kama kila kiazi kilichomo kingekuwa na babu huko Andes. Umri wa chakula, basi, hauwezi kutuamulia neno hili, wala upya wake. Yatupasa kutafuta kipimo kingine, nami nilikipata kwa kukosea.

Mwaka mmoja sisi watoto tulishauriana kwa siri. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kumsumbua, nasi tuliona vibaya kumtazama akisimama jikoni mchana kutwa. Tukachanga fedha, tukaajiri wapishi kutoka mjini, wakaja na masufuria yao na meko yao. Wakapika pilau, kuku wa mchuzi mzito, na mboga mbichi zilizokatwa vizuri kama mapambo. Mama tulimnunulia nguo, tukamketisha kitini chini ya mti, tukamwambia, "Mama, mwaka huu wewe ni wa kupumzika." Alitushukuru. Alikula alichopewa, akawasifu wapishi. Tulijiona watoto wema sana.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta jikoni peke yake akisugua sufuria ambayo haikutumika na ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nilimwuliza kama chakula hakikumpendeza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Chakula kilikuwa kitamu, mwanangu. Lakini kukaa kitini na kuletewa sahani ni kazi ya mgeni. Sikujua kwamba nimekuwa mgeni hapa." Sikuwa na la kujibu. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwajibu watu maswali. Lakini usiku ule nilitoka jikoni kama mtoto aliyeshindwa mtihani.

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi. Pilau haikuwa na kosa. Nia yetu haikuwa mbaya, na miguu ya mama ilikuwa inauma kweli. Kosa letu lilikuwa kwamba tulipanga juu yake bila yeye. Tungalimwuliza, yamkini angalisema, "Nisaidieni kumenya na kuponda, lakini chumvi nitie mimi." Tungalimpunguzia uchovu bila ya kumpokonya cheo chake. Sisi tulitaka kumwondolea mzigo, tukamwondolea na nafasi yake.

Krismasi iliyofuata mama alirudi jikoni, na safari hii sisi watoto, wanaume kwa wanawake, tulimenya viazi chini ya amri yake. Lakini kabla ya siku hiyo alifanya jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kulifanya. Mke wa ndugu yangu mdogo ni mtu wa upande wa Kisumu, kando ya Ziwa. Miaka sita alikuwa amekula mukimo wetu na kushukuru, wala hakuna aliyemwuliza neno. Mama alimwita akamwambia, "Mwanangu, huko kwenu siku kama hii mlikula nini?" Yule dada alitazama chini. Kisha akasema kwamba kwao walikula ngege, samaki wa ziwani, pamoja na ugali, na kwamba baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiwagawia watoto samaki kwa mkono wake mwenyewe. Aliposema hayo sauti yake ilikatika. Mama akasema, "Basi mwaka huu tutapika ngege."

Msomaji ajue kwamba hili halikuwa jambo dogo. Zamani Wakikuyu hawakula samaki, na wako wazee ambao mpaka leo hawawezi kuvumilia hata harufu yake. Amu yangu alipopata habari alikasirika. Alisema kwamba mbuzi na mukimo vimetosha kwa baba yake, vimetosha kwake, na vitamtosha kila aingiaye katika nyumba ile. Aliyemjibu alikuwa nyanya yangu, ambaye kwa umri wake hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alisema, "Mimi nilipokuwa msichana hatukupika chapati. Siku ilipoletwa nyumbani mara ya kwanza, mama yangu alikataa kuionja. Leo unaniambia ni ya kwetu, wala sikukatalii. Samaki mimi sitamla. Mdomo wangu umezeeka. Lakini mtoto wa watu apikiwe." Maneno yakaisha hapo.

Siku ya sikukuu mukimo uliwekwa katikati, na samaki akawekwa kando yake. Wengine walikula, wengine hawakula, wala hakuna aliyelazimishwa. Amu yangu alikula nyama yake na kunyamaza. Mke wa ndugu yangu aliwatolea watoto miiba mmoja mmoja, na nilimwona akicheka kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akicheka katika miaka sita. Hapo niliona haya. Miaka yote ile nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu wa nyumba yetu, na kumbe yeye alikuwa bado amesimama mlangoni akingoja kuulizwa.

Sasa linganisha miaka hiyo miwili. Katika mwaka wa kwanza tulileta chakula kigeni tukamwumiza mtu. Katika wa pili tulileta chakula kigeni zaidi tukamponya mtu. Tofauti haikuwa katika chungu. Ilikuwa katika swali lililoulizwa kabla chungu hakijainjikwa. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mbele ya sahani ya sikukuu, uliza ni nani aliyeulizwa, na ni nani ambaye hakuulizwa. Abadilishaye bila kuuliza huwapokonya wenye nyumba. Na azuiaye mabadiliko bila kuuliza huwafungia mlango walioingia. Makosa hayo mawili ni ndugu, ingawa hupenda kushutumiana.

Mtu aweza kunipinga akisema, "Ukimwuliza kila mmoja, utapika vyungu kumi, na fedha zitatoka wapi?" Pingamizi hili lina haki. Wako watu wanaokopa mwezi wa Desemba ili meza yao isizidiwe na meza ya jirani, na mwezi wa Januari karo ya shule ikawashinda. Hao hawakupika kwa ajili ya jamaa. Wamepika kwa ajili ya macho ya watu. Lakini kuuliza si kuahidi. Mtu mzima akiulizwa kwa heshima, kisha akaambiwa kwamba uwezo ni mdogo, huridhika na kungoja mwaka mwingine. Kinachomchoma mtu zaidi ni kutokumbukwa. Samaki wetu walikuwa wachache tu, na gharama yao ilikuwa ndogo kuliko mshahara wa wale wapishi.

Aweza pia kusema, "Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, ukifungua mlango, cha zamani kitaachwa." Naam, hatari hiyo ipo. Njahi zimekuwa adimu katika meza zetu, na mawele yamekwisha kutoweka. Dawa yake ni kujifunza kabla ya kuacha. Mtu asiyejua kupika mukimo hawezi kusema kwamba ameuchagua au ameuacha. Huyo amepotewa tu. Ajuaye kuupika, kisha akapika kingine, ametumia uhuru wake, na siku atakapoutamani tena atajua njia ya kuurudia.

Basi wewe kijana usomaye maneno haya, Desemba ijayo utakaporudi nyumbani, usiende moja kwa moja kukaa chini ya mti na kungoja kuitwa. Ingia jikoni. Ukiwa mvulana, ingia vilevile, kwani mwiko hauchagui mkono. Mwombe mama yako au nyanya yako akuonyeshe jinsi ya kupika kile unachokipenda, na umwulize yeye alijifunza kwa nani. Kisha watazame watu wa nyumba yako, umtafute yule ambaye kila mwaka hula na kushukuru bila ya kuulizwa. Huenda ni mke wa kaka yako, huenda ni mtumishi wa nyumba aliye mbali na kwao, huenda ni mzee ambaye daktari amemkataza nusu ya kilichoko mezani. Keti karibu naye, umwulize kwao walikula nini.

Mimi sasa huuliza kila mwaka. Nyanya yangu bado hajamwonja samaki. Lakini Desemba iliyopita, tulipokuwa tukipanga mambo ya sikukuu, yeye ndiye aliyemgeukia mke wa ndugu yangu na kusema, "Na yule samaki wenu, mwaka huu haji?"